Kutoka Carhaix hadi Redon bila gari: tathmini ya njia ya baiskeli ya mfereji wa Nantes–Brest

Njia ya ukingoni mwa mfereji wa Nantes hadi Brest, magharibi mwa Ufaransa, inamfaa sana mwendesha baiskeli wa Malindi aliyechoka kupisha malori ya chumvi ya Gongoni na matatu za Mombasa, lakini haimfai yule anayetafuta msitu. Natanguliza hukumu hiyo kwa sababu picha nyingi za kuitangaza huonyesha matawi yaliyokutana juu ya njia, hata mtazamaji akadhani kwamba anakwenda kukuta msitu wetu wa Arabuko-Sokoke uliomwagiwa kokoto. Anachokwenda kukuta ni mashamba, maji yaliyotulia, vijiji vidogo vya mawe, na misitu michache inayopita pembeni. Nimeipanda sehemu kubwa ya njia hiyo mwezi wa Septemba, na nawaandikia wenzangu wa Malindi, Watamu na Lamu wanaoniuliza kama inastahili gharama zake.

Mfereji una urefu wa kilomita 364 hivi. Ulichimbwa katika karne ya 19, wazo lake likiwa limetokana na vita vya Napoleon, wakati manowari za Waingereza zilipoizingira pwani na kuzuia bandari ya Brest isipate mahitaji yake kwa njia ya bahari. Reli ilipofika biashara ya mashua ilidhoofika, na bwawa la umeme la Guerlédan, lililokamilika mwaka 1930, likaukata mfereji vipande viwili, hivyo tangu hapo hakuna mashua iliyoweza kuupita wote kutoka mwisho hadi mwisho. Kilichobaki ni njia ya ukingoni, ambamo zamani watu na farasi walivuta mashua kwa kamba. Njia za namna hii, ambazo Wafaransa huziita voies vertes, zimetambuliwa katika sheria zao za barabarani tangu mwaka 2004 kuwa ni za waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi peke yao. Jambo hilo ndilo linaloipa njia hii thamani kuliko mandhari yake, kwa kuwa mtu hupanda kutwa nzima akiwa na uhakika kwamba nyuma yake hakuna kitu chenye injini, ukiacha mara mojamoja gari la mtunza njia au la mkulima mwenye ruhusa.

Njia yenyewe ni changarawe laini iliyoshindiliwa, imara kuliko murram yetu ya kwenda Marafa, na wala haina yale matuta madogomadogo yanayotikisa meno. Kabla ya safari, fundi wangu wa baiskeli hapa Shella alizitazama tairi pana nilizozoea kuzitumia mchangani akaniambia, “Mwanangu, hizi ziache nyumbani, zitakuchosha bure.” Nikamjibu, “Haya, baba, nifungie nyembamba,” naye akanifungia za milimita 40, ambazo zilinitosha kabisa. Mwenye baiskeli ya kawaida ya gia anaweza kuipanda njia hii bila taabu, hata akiwa na mizigo. Mvua ikinyesha, hata hivyo, ile changarawe hutoa uji wa kijivu unaoingia kwenye cheni na breki, na ni lazima kuosha na kupaka mafuta kila jioni. Katika Bretagne, mkoa unaopitiwa na mfereji huu, mvua ni jambo la kutarajiwa mwezi wowote.

Nashauri kuanzia magharibi kwenda mashariki, kwa sababu upepo mwingi wa huko hutoka baharini upande wa magharibi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi: aendaye Mambrui wakati wa kusi husukumwa, na arudipo hulipa deni lote. Mji wa Carhaix, ulio katikati ya Bretagne, hufikiwa kwa treni ndogo kutoka Guingamp, stesheni iliyo kwenye reli kuu ya Paris hadi Brest. Treni za mkoa hupokea baiskeli kwa urahisi, ila zile za kasi huhitaji nafasi ya baiskeli kuwekwa mapema au baiskeli kufunguliwa na kutiwa katika mfuko wake.

Kutoka Carhaix hadi Pontivy ndiko kwenye uzuri wa njia hii, na ningekuwa na siku chache tu nisingekwenda kwingine. Karibu na Glomel, mfereji unapita katika mtaro mrefu wa kilomita tatu hivi uliokatwa kwenye kilima na wafungwa walioletwa kutoka gereza la Brest, kati ya mwaka 1823 na 1832. Leo kingo zake zimejaa miti na ukungu, pamepoa hata mchana, na ni vigumu kuamini kwamba mtaro ule wote ulitokana na sururu na mikono ya watu waliofungwa minyororo. Baada ya hapo njia inashuka taratibu, lango la maji baada ya lango la maji. Malango haya ni vyumba vya mawe vyenye milango mbele na nyuma, ambavyo hujazwa au kupunguzwa maji ili kuipandisha au kuishusha mashua, na katika mfereji mzima yamezidi 230. Kando ya mengi ipo nyumba ya mlinzi wake wa zamani, nyingine tupu, nyingine imegeuzwa mkahawa au pahala pa kulala.

Abasia ya Bon-Repos, yaani makao ya zamani ya watawa, iliyoanzishwa mwaka 1184, inasimama kando ya maji na kuta zake nusu zimebomoka. Aliyekulia karibu na magofu ya Gede atajihisi kwao, ingawa pale hakuna kima wa kumnyang’anya chakula. Mbele kidogo ziwa la Guerlédan limeumeza mfereji pamoja na malango yake, na hapo njia inauacha ukingo na kufuata kwa sehemu kubwa reli ya zamani iliyong’olewa. Ziwa lilipokaushwa mwaka 2015 kwa ukaguzi wa bwawa, malango yale yalionekana tena tope likiwa limeyafunika, na watu wengi walikwenda kuyatazama. Anayeona miguu yake haijafanya kazi ya kutosha anaweza kuchepuka hadi mlima wa Mûr-de-Bretagne, kilomita mbili tu za kupanda, ambapo mashindano ya Tour de France yamemalizia hatua mara kadhaa. Ni barabara ya lami yenye magari, lakini ndipo mahali pekee katika safari nzima nilipolazimika kutumia gia nyepesi kuliko zote.

Hilo linanileta kwenye kasoro kubwa ya njia hii, nayo ni usawa wake. Baina ya Pontivy na Rohan yapo malango 54, na kila moja huleta kilima kifupi cha kusimama kwenye pedeli mara mbili tatu, kisha tambarare tena. Mara ya kwanza hupendeza. Baadaye akili hulala. Kutoka Josselin, ambako kasri la ukoo wa Rohan linainamia mto Oust kwa minara yake mitatu, hadi Redon, niliona kilomita nyingi zinazofanana mno, nami si mtu wa kuchoshwa upesi na maji. Baada ya Redon sikuona sababu ya kuendelea hadi Nantes kwa ajili ya mandhari, hasa kwa vile mwishoni mfereji unaingia mto Erdre usiokuwa na njia ya ukingoni, na baiskeli hurudishwa kwenye barabara ndogo zenye magari. Vizuizi vya kuzuia pikipiki kwenye kila makutano ni vyembamba, na mwenye mifuko mipana kwenye karia atashuka na kusukuma mara nyingi kuliko anavyopenda.

Upande wa chakula, maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa mbili hivi, na waokaji mikate wengi hupumzika Jumatatu, kwa hiyo akiba ya mkate na matunda ni lazima. Mwislamu ajue kwamba Bretagne ndiyo inayoongoza Ufaransa kwa ufugaji wa nguruwe, jambo ambalo pua itamthibitishia mashambani kabla ya menyu. Chakula cha kutegemewa ni galette, mkate mwembamba wa unga wa sarrasin (buckwheat), ambao huagizwa na yai na jibini bila nyama, na aseme mapema kwamba hataki sharubati ya tufaha iliyochachuka ikawa kileo, kwa maana huletwa kama sisi tuletavyo chai. Maji ya bomba mezani hayalipiwi. Njiani, mabomba ya kutegemewa zaidi yamo makaburini, ambako waendesha baiskeli wa Kifaransa hujaza chupa zao bila haya. Mimi nilichukua muda kuzoea, na nilikuwa natoa salamu kwanza.

Kuhusu msitu, ule wa Quénécan uko kusini mwa ziwa la Guerlédan, na barabara zake za changarawe zinapanda na kushuka kuliko mfereji. Uwindaji huanza karibu Septemba na kuendelea hadi mwishoni mwa Februari, basi ni vyema kuvaa rangi kali na kuyatii mabango yanayotangaza kwamba wawindaji wamo kazini. Ni msitu mzuri, safi, uliopangwa. Hata hivyo, nikiulizwa nichague, asubuhi moja ya kupanda kutoka kituo cha Gede na mwongozaji wa msitu, katikati ya miti ya mirihi na mchanga mweupe unaoshika tairi, huku macho yakitafuta alama za ndovu, ina mambo mengi kuliko Quénécan yote. Arabuko-Sokoke haina alama za njia kila makutano wala lango lenye mkahawa, na huwezi kumpeleka mtoto wa miaka kumi peke yake. Katika mfereji niliwaona watoto wa umri huo wakitangulia mbele, wazazi wao wakiwa nyuma hawana wasiwasi.

Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na pamoja na nauli ya ndege ndiyo sehemu nzito ya bajeti. Njia yenyewe haina kiingilio, na kambi za hema za manispaa zilizo karibu na malango ni nafuu kuliko hoteli. Naipa alama nne kati ya tano kwa kipande cha Carhaix hadi Pontivy, na tatu kwa kilichobaki. Mwenye nafasi aende Juni, mchana unapokuwa mrefu, na aishie Redon, kwa kuwa hapo kuna treni za kwenda Nantes na Rennes.