Nauza samaki Dodoma, na huduma ninayoitumia kuliko zote ni utabiri wa bahari. Haya maoni yangu

Niseme mapema mtu asije akanicheka katikati: mi bahari nimeiona mara nne tu maishani na kuogelea sijui. Nimezaliwa Kongwa, kwetu mali ni ng'ombe na uwele, basi maji mengi niliyoyazoea ni ya bwawa la mifugo. Ila sa hivi nauza samaki wa maji chumvi hapa mjini, nina freza mbili na meza moja, na kila siku saa kumi na moja alfajiri kabla sijawasha hata jiko la chai nafungua simu naangalia mawimbi. Mume wangu siku moja akaniuliza, mama watoto, kuna meli unaisubiri?

Wanaojua biashara hii wataelewa. Mzigo wangu unatoka Feri, lile soko la samaki la Dar, mara nyingine Tanga. Mchana naagiza, natuma nusu ya hela kwa simu, jioni samaki wanapangwa kwenye boksi na barafu, wanapanda basi la usiku, alfajiri niko stendi Nanenane na bodaboda wangu. Ni kilomita 450 na ushee kutoka Dar, barafu inayeyuka njia nzima. Sasa bahari ikichafuka vyombo havitoki, samaki mnadani wanakuwa wachache, bei inapanda, na hapo ndo unaletewa jodari kalala siku tatu halafu unaambiwa katoka asubuhi. Unamfungua mashavu yameshapauka, macho yamezama ndani. Mteja wa Dodoma msimdharau jamani, hajakulia pwani lakini pua anayo.

Kwa hiyo mi utabiri wa bahari nauangalia kama mtu wa daladala anavyoangalia bei ya mafuta. Nimetumia wa aina tatu nne hivi kwa miaka kadhaa, ngoja niwaambie.

Nianze na taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Bure kabisa. Na kichekesho ni kwamba makao makuu yao siku hizi yako hapa hapa Dodoma, mji ambao ukitaka kuona wimbi labda uchungulie ndani ya ndoo. Nachopenda ni kwamba wanaandika Kiswahili cha kueleweka na hawaishii kwenye namba. Wana ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, rangi zinapanda kutoka njano kwenda chungwa mpaka nyekundu. Utakuta imeandikwa upepo unaofika kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita mbili, halafu chini wanakwambia uwezekano ni wastani au mkubwa na athari zake ni zipi, mfano kusimama kwa baadhi ya shughuli za uvuvi. Hapo kwenye athari ndo penye hela yangu. Mi sihitaji kujua hewa ina mgandamizo gani, mi nataka kujua ngalawa zitatoka au zitabaki ufukweni.

Ila kuna kitu nilikuwa nakisoma vibaya miaka yote na nadhani wengi tunakosea hapo hapo. Nina mteja wangu kasomea haya mambo, kila Ijumaa anachukua samaki aina ya changu kilo mbili. Siku hiyo nikamwambia bahari leo nzuri tu, mawimbi mita mbili, mtu mrefu akisimama linamfika kichwani tu basi. Akacheka.

"Shangazi, hiyo mita mbili sio wimbi kubwa kuliko yote."

"Sasa ni lipi?"

"Ukichukua theluthi ya mawimbi yale makubwa, ukatafuta wastani wake, ndo hiyo. Wimbi moja moja linaweza kuja karibu mara mbili ya hapo."

Yaani mita mbili kwenye karatasi, halafu anatokea mwenyewe wa karibu mita nne anakukuta umekaa kwenye mtumbwi. Nikabaki na kisu mkononi. Nikampigia kaka wa Tanga anayenitumia mzigo nikamwambia, akasema dada hilo sisi tunalijua toka utotoni, la saba ndo baya. La saba sijui kama ni kweli, lakini mantiki ni ile ile.

Cha pili natumia Windy, nyie wa pwani mnaijua, ile ramani yenye mistari inatembea kama maji. Ni ya Wacheki, ilianza 2014. Bure inatosha kabisa kwa matumizi yangu. Unabonyeza mawimbi, unaweka kidole kati ya Pemba na Tanga, inakupa urefu wa wimbi, linakotokea na sekunde ngapi zinapita kati ya wimbi na wimbi. Hizo sekunde watu hawaziangalii na ndo zina siri. Sekunde nne tano ni upepo wa hapo hapo, maji yanakuwa ya fujofujo, chombo kidogo kinateseka. Sekunde 12 kwenda juu ujue wimbi limezaliwa mbali huko kusini kabisa, limesafiri siku nyingi, linaweza kukuta upepo umetulia na bado likaja kuvunjika kwenye mwamba kwa kishindo. Kipindi cha kusi, ule upepo wa kutoka kusini, hasa Juni mpaka Agosti, mi hiyo nafungua mara tatu kwa siku.

Kingine cha Windy, unachagua utabiri wa nani. Kuna wa ECMWF, kile kituo cha nchi za Ulaya chenye makao yake Reading kule Uingereza, na kuna GFS ya Wamarekani. Mi kanuni yangu ya sokoni ni hii: wakikubaliana naagiza, wakipishana naagiza nusu. Imeniokoa sana, sijasoma popote nimeitunga mwenyewe.

Nikawa najiuliza, hawa wa Reading wanajuaje habari za bahari yetu? Yule mteja wangu wa changu akanieleza huku namparia samaki, na hapa nitarefusha kidogo mana nilifurahi. Kuna maboya yanaitwa Argo, yako karibu 4,000 yameachiwa kwenye bahari zote za dunia, nchi kama 30 zimechanga. Boya ni mtungi mwembamba hivi, mrefu kama mtu. Linazama mpaka mita 1,000 linakaa huko linabebwa na mkondo, ikikaribia siku ya kumi linashuka mpaka mita 2,000, halafu linapanda polepole likipima joto na chumvi njia nzima, likifika juu linapiga ripoti kwa setilaiti na kuzama tena. Halina mtu, halina injini ya kulisukuma, linafanya hivyo miaka. Na ripoti haifichwi, yeyote anaisoma bure. Mradi ulifikisha maboya 3,000 mwaka 2007. Halafu kuna mengine ya kufungwa nanga, kwenye Bahari ya Hindi mtandao wake unaitwa RAMA, ulianza 2004. Huu wa kwetu upande wa magharibi ulichelewa kwa sababu ya maharamia wa Somalia, meli za utafiti zilikuwa haziendi. Kumbe wale maharamia waliniharibia na mimi utabiri wangu, mi nilijua wanasumbua matajiri wa meli tu.

Na kuna hili la aibu kidogo kwa sisi watu wa samaki. Kitu chochote kinachoelea baharini samaki wanakuja chini yake kujificha, jodari ndo zaidi. Basi wavuvi huko kwenye bahari kuu wakiona boya la kupima hali ya hewa wanajifunga nalo, wanavua, nyavu zinanasa, wengine wanakata nyaya na kuchukua vifaa. Mpaka tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, na Tanzania ni mwanachama, ikaweka azimio mwaka 2011 kuzuia meli kuvua ndani ya maili moja ya bahari kutoka kwenye boya la data. Hebu fikiria, unamvua jodari kwenye kifaa ambacho ndo kingekuambia kesho usitoke.

Haya, sasa machungu. Hela yangu haikuliwa na utabiri mbovu, ililiwa na taarifa ya zamani. Tuko kwenye grupu la wauza samaki, mtu akatuma picha ya tangazo, njano, upepo mkali pwani yote siku mbili zijazo. Nikasitisha oda, nikawaambia na wenye migahawa wawili jamani wiki hii samaki hamna, chukueni kuku. Jioni kaka wa Tanga ananipigia, dada mbona kimya, leo bahari shwari vibua vimemwagika mpaka tunawagawia paka. Narudi kuangalia ile picha, tarehe imekatwa juu! Ilikuwa ya mwezi uliopita. Mmoja wa wale wa migahawa hajarudi kwangu mpaka leo. Sasa sheria yangu, tangazo lisilo na tarehe na saa nalichukulia kama salamu za mwaka mpya, nafuta. Naingia kwenye kurasa zao wenyewe nasoma.

Na kuna app moja ya kulipia, siitaji jina, nililipa miezi mitatu. Ina rangi nzuri, ina kengele, ina kila kitu, ila ukiweka "Tanga" inakupa upepo wa Tanga mjini, nchi kavu, na maandishi yote Kiingereza cha mabaharia. Kengele ilikuwa inalia saa nane usiku kunijulisha kuna jua kesho. Nyota moja, na hiyo nyota ni ya rangi.

Kwenye vimbunga ndo huduma hii inaonyesha ukubwa wake. Mei 2024 kilipokuja Hidaya, TMA walianza kutoa taarifa siku kadhaa kabla, njia yake, kasi yake, kila baada ya muda wanaongeza. Pembeni naona na ramani za Wafaransa wa kisiwa cha Réunion, mana hao ndo waliokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kufuatilia vimbunga vyote vya kona hii ya Bahari ya Hindi, nchi zote zinasoma kutoka kwao kisha kila moja inawatangazia watu wake. Kikafika Mafia tarehe 4, kimeshapungua nguvu, lakini mvua iliyomwagika kusini ilikata barabara ya Lindi. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Mi nilikuwa nimeshajaza freza tangu Jumatano, Jumamosi hiyo nauza kwa raha zangu.

Najua mtu atasema mbona Jobo, 2021, tuliambiwa kinakuja Dar kikafia njiani. Nakumbuka vizuri, watu walitania mitandaoni wiki nzima. Lakini kilikuwepo, kilitembea kama walivyosema, kikachoka tu karibu na pwani. Afadhali mimi niweke akiba ya samaki nisiihitaji kuliko mtoto wa mwenzangu alale baharini. Na mwaka 2004 Desemba ile tsunami ilitoka Sumatra ikavuka bahari nzima ikaua watu mpaka Dar wakiwa wanaogelea, hakukuwa na mfumo wowote wa kutonya nchi za huku. Sasa upo, Australia, India na Indonesia wanatuma taarifa kwa wote.

Kwa wenzangu wa Kongwa, Bahi, Chamwino mnaosema haya hayawahusu, mna alizeti shambani? Joto la bahari likizidi upande huu wetu likapungua upande wa Indonesia, mvua Afrika Mashariki huwa zinaongezeka, wanaita Dipoli ya Bahari ya Hindi, mwaka 2019 ilikuwa kali mno na mafuriko mliyaona kwenye taarifa. Sisi huku mvua yetu ni moja, Novemba mpaka Aprili, na utabiri wa msimu unaotolewa kwa ajili yetu unaanzia kwenye joto la bahari, lile lile maboya yanalopima. Kaka yangu alikuwa ananicheka na simu yangu ya mawimbi, siku hizi kabla hajanunua mbegu anauliza, dada bahari inasemaje.

Nyota basi. TMA ninawapa nne na nusu, hiyo nusu wataipata siku nikianza kupata mawimbi kwa meseji ya kawaida, bando langu halidumu. Windy nne. Grupu letu la wauza samaki, sifuri na mzigo wa aibu juu.

Leo alfajiri imeandikwa angalizo, pwani ya Tanga mpaka Dar na visiwani, tarehe ya leo nimeihakikisha mara mbili. Windy wote wawili wanakubaliana. Nimempigia kaka, hajapokea, halafu kanitumia sauti ya sekunde tano, upepo tu unavuma. Sijaagiza. Wateja wangu mkija leo kuna perege wa Mtera, freshi, elfu kumi kilo, na pweza wawili waliobaki juzi nawaficha kwa mwenye kuniwahi.