Kozi ya sauti kuhusu kuzaliwa upya: Ubudha umeelezwa vizuri, Uhindu umepunjwa

Wengi wetu hudhani Wahindu na Wabudha wanaamini jambo lile lile: mtu akifa, roho yake inahamia mwili mwingine. Kozi hii ya mtandaoni inaanza kwa kulivunja wazo hilo, na mwalimu anaifanya kazi hiyo kwa umakini. Kwa Wahindu wengi ipo atman, nafsi isiyokufa, inayopita mwili hadi mwili kufuatana na karma, yaani matendo ya mtu na matunda yake. Buddha aliikataa. Kule Sarnath, mbele ya watawa watano, alichambua mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, kimoja baada ya kingine, akaonyesha kuwa hakuna hata kimoja cha kuitwa "mimi".

Sasa ni nani anayezaliwa upya? Hapa ndipo kozi inaponoga. Mwalimu anatulia kwenye mazungumzo ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena. Mfalme anabana: kama hakuna nafsi inayohama, si mtu ataponyoka matendo yake maovu? Nagasena anamletea kesi ya mwizi wa maembe. Mwizi anajitetea kwamba maembe aliyochuma siyo yale aliyoyapanda mwenye shamba. Utetezi huo haumwokoi, kwa sababu yaliyochumwa yametokana na yaliyopandwa. Karma inamfuata mtu kwa njia hiyo hiyo, bila nafsi ya kuibeba. Nilisimamisha sauti, nikakirudia kipande chote.

Nirvana nayo imeelezwa bila kupambwa: ni kuzimika kwa tamaa, chuki na ujinga, na mtu huweza kuifikia akiwa hai, kama Buddha pale Bodh Gaya, alikopata mwangaza.

Upande wa Uhindu ndio ulioniudhi. Moksha, yaani ukombozi kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya, inafundishwa kana kwamba mwanafalsafa Shankara ndiye msemaji pekee: atman na Brahman, uhalisia mkuu wa vyote, ni kitu kimoja, ujinga ukiondoka mtu anakuwa huru. Ramanuja na Madhva, wanafalsafa waliompinga, wanatajwa mbiombio mwishoni. Hilo si dogo hata kidogo! Kwa waja wengi wa mungu Vishnu, ukombozi ni kuishi naye kwa upendo milele, wala si kuyeyuka ndani yake.

Sauti ni safi, na maneno ya Kisanskriti na Kipali yanatamkwa taratibu. Anayeanza aichukue, ila atafute mwalimu mwingine wa Vedanta, falsafa ya Kihindu kuhusu atman na Brahman, kabla hajakaa na Mhindu kujadili moksha.