Muziki au dawa ya kutuliza kabla ya ganzi?
Umelala kitandani unasubiri kuchomwa ganzi, moyo unaenda mbio balaa, na hapo kuna njia mbili: midazolam, dawa ya kutuliza inayochomwa mshipani, au hedifoni zenye muziki wa taratibu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walizipambanisha kwa watu wazima 157 waliokuwa wanachomwa ganzi ya neva (ile inayotia ganzi sehemu moja tu ya mwili), kila kundi likaanza dakika 3 tu kabla, na wasiwasi ukashuka karibu sawa pande zote mbili! Hilo lilinigusa sana, maana midazolam inaweza kupunguza kasi ya kupumua, ndo maana lazima mtu akae anakuangalia, na wengine baadaye hawakumbuki kitu, wakati muziki haukuachii usingizi wala kizunguzungu. Ila kwenye kuridhika dawa ilishinda, na ukivaa hedifoni za kuziba kelele daktari akikwambia geuka humsikii vizuri. Tena muziki wenyewe waliuchagua watafiti, mgonjwa hakuulizwa, na naona hapo ndo palikosewa kwa kweli, kinachomtuliza huyu kinamkera yule. Mwenye hofu kali sana apewe dawa tu, lakini wengine jamani waanze na hedifoni.