Treni za Uingereza msimu wa dhoruba: zinaifaa safari ya familia?

Kwa kufika kwa wakati kati ya Oktoba na Desemba, tunazipa nyota mbili kati ya tano. Kwa kurudisha pesa safari inapovunjika, nne. Mwenye arobaini ya kuhudhuria Leicester au mjukuu mchanga wa kwenda kumwona Plymouth azijue pande zote mbili kabla ya kukata tiketi.

Zinachelewa kwa sababu zinazojulikana. Upepo ukizidi, mwendo hushushwa hadi maili 50 kwa saa njia nzima, kwa hofu ya mti kuanguka relini au kwenye nyaya za umeme. Majani yanayopukutika nayo husagwa na magurudumu yakawa utando mweusi unaoteleza, hivyo dereva hulazimika kuanza kufunga breki mbali na kituo. Njia ya Plymouth ina kasoro yake: pale Dawlish reli imepita ukingoni mwa bahari. Ukuta mpya umesaidia, lakini mawimbi yakiuruka, baadhi ya treni zenye vifaa vya umeme juu ya paa huzuiwa kupita kwa sababu ya maji ya chumvi.

Sasa tiketi. Advance, inayokatwa mapema, ni rahisi kwa bei ila inakufunga kwenye treni moja. Kwa wazee wanaotua Heathrow na mabegi ya kilo 23 mawili mawili, usiikate: ndege ikichelewa, kampuni ya treni haihusiki na tiketi imekufa. Wakatie Off-Peak (ya saa zisizo na msongamano), au Anytime (ya saa yoyote) kama wanatua asubuhi ya siku ya kazi. Kwa wanaoelekea magharibi, tafuta tiketi inayojumuisha basi la RailAir hadi Reading. Wanapanda treni hapo bila kuburuta mabegi katikati ya London. Mkisafiri na mtoto wa miaka 5 hadi 15, kadi ya Family & Friends hupunguza theluthi moja kwa watu wazima na asilimia 60 kwa watoto, hadi wakubwa wanne na watoto wanne.

Fidia ya kuchelewa, Delay Repay, ndiyo inayozipa treni zile nyota nne. Haijali kama chanzo ni dhoruba. Kampuni nyingi huanza kulipa kwenye dakika 15: robo ya nauli ya kwenda. Dakika 30 ni nusu, dakika 60 ni nauli yote ya kwenda, na dakika 120 hurudisha hata ya kurudi kama tiketi ni ya pande zote mbili. Dai ndani ya siku 28, weka picha ya tiketi, chagua kulipwa benki badala ya vocha.

Wengi hukwama kwa kupeleka dai pasipo pake. Fidia ya kuchelewa hudaiwa kwa kampuni ya treni iliyosababisha. Ukiamua kutosafiri kabisa kwa kuwa treni yako imefutwa, pesa zote hurudishwa na aliyekuuzia, hata kama ni Advance, na hakuna makato. Na kuna mtego: ratiba ya dharura ikitangazwa kabla ya saa nne usiku wa kuamkia safari, kuchelewa huhesabiwa kwa ratiba hiyo mpya. Angalia tena usiku huo, si asubuhi.

Kuhusu tahadhari za Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, rangi peke yake haitoshi. Njano yaweza kuwa usumbufu mdogo wenye uhakika, au maafa makubwa yenye uwezekano mdogo. Fungua tahadhari yenyewe utazame jedwali dogo la miraba: alama ikiwa upande wa kulia, madhara ni makubwa, basi sogeza safari siku moja. Nyekundu haina mjadala; dhoruba Babet ya Oktoba 2023 iliileta mashariki mwa Uskoti kwa mvua.

Basi la masafa marefu? Bei yake inavutia, hasa mkiwa wengi. Lakini likikwama njiani kwa hali mbaya ya hewa, sheria hailazimishi kampuni kuwalipia hoteli, na kwa bibi wa miaka 70 hilo ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kuangalia nauli.