Alan Wake 2: gemu ya kutisha inayokuimbia

Sura inayoitwa We Sing peke yake inatosha kukufanya uitafute gemu hii. Upo na bunduki na tochi, vivuli vinakunong'oneza jina, mara muziki wa roki unalipuka. Skrini kubwa zimekuzunguka, na ndani yake waigizaji halisi wanacheza dansi na kuimba maisha ya huyo huyo Alan unayemwongoza. Unapita katikati ya tamasha ukifyatua risasi. Nilicheka kwa sauti huku viganja vikinitoka jasho.

Remedy, studio ya Ufini, iliitoa Oktoba 2023, miaka 13 baada ya ile ya kwanza. Alan ni mwandishi wa riwaya aliyenaswa katika New York ya jinamizi, ambako anachokiandika ndicho kinachokuwa. Saga Anderson, mpelelezi wa FBI, anachunguza mauaji ya kiibada huko Bright Falls, mji mdogo jimboni Washington. Ikifika mahali, unaweza kumwacha mmoja ukaendelea na mwingine.

Upande wa Alan ndio ulioniteka. Ana ubao wa hadithi: umesimama kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, unabadilisha wazo la tukio, na papo hapo kituo kinageuka sura, njia iliyozibwa inafunguka. Ana taa pia. Unavuta mwanga hapa, unauachilia pale, na chumba kinakuwa kingine mbele ya macho yako bila kusubiri. Uandishi umekuwa ufunguo wa mlango, si pambo la hadithi.

Kuna hata ukumbi wa sinema wenye filamu fupi ya Kifini, na hakuna anayekuzuia kuketi uitazame yote. Matangazo ya televisheni ya ndugu wawili wa Koskela ni vichekesho vitupu. Mapacha hao wote wawili wameigizwa na mtu mmoja, Peter Franzén. Na Casey, mwenzake Saga? Sura ni ya Sam Lake, mwandishi na mmoja wa waongozaji wa gemu yenyewe, ila sauti ni ya James McCaffrey.

Ubao wa Saga wa kupangia ushahidi, hapana. Jambo umeshalielewa zamani, lakini gemu haisogei mpaka ubandike picha yake ukutani kama karani wa masjala. Tena zile nyuso zinazokurukia skrini nzima na kelele zimezidi. Gemu inayojua kutisha kwa ukimya haikuhitaji ujanja wa bei rahisi kiasi hicho.

Anayetaka kupiga risasi tu atachoka: risasi ni chache, kutembea na kusikiliza ni kwingi. Mimi nimeshaingia The Final Draft, mzunguko wa pili ulioongezwa bure, wenye kurasa mpya za muswada. Silaha zangu zote nimekuja nazo, na bado korido zile nazipita nimekunja mabega.