Kuazima maktabani au kununua kitabu cha mtumba?

Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, humpa msomaji kile ambacho muuza vitabu vya mtumba wa barabarani hawezi kumpa: meza, utulivu na wenzake wanaosoma. Kwa anayeishi chumba kimoja na ndugu watano, naamini utulivu huo una thamani kushinda kitabu chenyewe. Hata hivyo, kitabu cha kuazima hakiandikwi pembeni, na hurudishwa kwa tarehe. Cha mtumba hupatikana kwa bahati, pengine gundi ya mgongo imekauka na kurasa zinachomoka, lakini ni chako. Ukikikinga na unyevu wa pwani, utakirudia miaka mingi. Anayejiandaa na mtihani aende maktabani. Fundi anayehitaji mwongozo karibu naye kila siku anunue.