Kipimo cha kidoleni kilichonirudisha matembezini Mama Ngina

Nilikinunua kipimo hiki cha oksijeni kwenye duka la dawa hapa Mombasa kwa shilingi 1,800, korona iliponiacha na pumzi za juujuu. Kinabana kidole kama kibanio cha nguo na kuonyesha namba mbili: oksijeni ya damu na mapigo ya moyo.

Siku ya kwanza kilinitia kiwewe. Nimekaa kitako nanywa chai, kikasoma oksijeni asilimia 88, chini mno! Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, akanishika mkono. "Mwanangu, na piko hili? Bana gumba." Nilikuwa nimetoka arusini, vidole vimekolea weusi wa piko, ile rangi ya urembo, isipokuwa magumba. Gumba likasoma 97. Kifaa hupenyeza mwanga kwenye kidole ili kusoma rangi ya damu, na piko huuzuia. Vidole vya baridi navyo hukidanganya, kwa sababu mishipa hujibana. Na sisi wa ngozi nyeusi tuwe macho: mwaka 2021 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha kuwa vipimo hivi vinaweza kukosea kwetu. Pumzi ikikubana, usitulizwe na namba nzuri.

Kilichonifaa hasa ni ile namba ya pili. Korona haiishii mapafuni. Huweza kuwasha utando wa ndani wa mishipa ya damu, na moyo hulipia. Nakaa ghorofa ya nne. Mwanzoni nilifika mlangoni mapigo 138 kwa dakika, nikaegemea ukuta dakika sita nzima ndipo yakashuka chini ya 100. Nikawa nasimama kila ghorofa, nabana kidole, nangoja yatulie ndipo naendelea. Miezi mitatu hivyo, bila pupa. Sasa nafika na 114, na dakika mbili zinatosha. Juzi nimetembea kando ya bahari pale Mama Ngina, kutoka upande wa feri hadi Lighthouse bila kukaa.

Kasoro: kifuniko cha betri kimelegea ndani ya mwezi, nimekifunga kwa utepe. Maelezo yake hayana hata neno la Kiswahili. Tena hakioni damu iliyoganda mishipani, ambayo korona nayo huweza kuileta: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, nenda hospitali hata kama kinasoma 99.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji atie betri ukijaribishe hapohapo, kwenye kidole kisicho na rangi, kabla hujatoa pesa.